Kufuma mshono wa bisi: mwongozo kwa anayeanza

Kila anayeona kitambaa cha kochi chenye vinundu vilivyotokeza huja na maswali yaleyale. Vinundu hivyo vinashonewa juu baadaye? Mbona nikijaribu vyangu vinalala ubavu, au vinatokea upande wa nyuma? Mbona kitambaa kilianza vizuri, kikaendelea kupanuka hadi kikaharibika? Hapa Tanga, ambako nyumba nyingi bado zinapenda vitambaa vya kufuma kwenye makochi, juu ya meza na juu ya televisheni, siwezi kukaa barazani na uzi mkononi nisiulizwe. Basi nimeyakusanya majibu yote hapa, hatua kwa hatua, ukae nayo mwenyewe na sindano yako.

Mshono huo ni wa bisi, na wala haushonewi juu. Unafuma nguzo tano, yaani mishono mirefu iliyosimama, ndani ya tundu moja, kisha unazifunga vichwani ziwe kitu kimoja. Nafasi ni ya nguzo moja na nguzo ni tano, kwa hiyo zinajikunja na kutokeza mbele. Nadharia yote imeishia hapo.

Kilichobaki ni hesabu. Nasema hili mapema kwa sababu watu wengi huja wakidhani mikono yao ni mizito. Mkono wa mtu yeyote anayeweza kufunga kamba unaweza kufuma bisi. Wanaokwama hukwama kwa sababu hawakuhesabu, au walihesabu bisi moja kuwa mishono mitano. Shika hili tangu sasa: bisi moja ni mshono mmoja.

VITU VYA KUWA NAVYO

Uzi. Kwa kujifunzia nunua uzi wa sweta, unene wa kati, laini, usio na manyoya, wa rangi nyepesi: rangi ya maziwa, waridi hafifu, samawati hafifu. Najua dukani macho yanakimbilia nyeusi na bluu iliyoiva, lakini kwenye uzi wa giza huoni kichwa cha nguzo, na bisi nzima inategemea kukiona kichwa cha nguzo. Uzi wa manyoya nao unaficha vilevile. Donge moja la gramu 100 linatosha kipande cha kujifunzia na linabaki. Uzi mwembamba wa pamba, ule wenyewe wa kufumia vitambaa vya makochi, uache kwanza. Utaurudia mkono ukishazoea.

Sindano ya kroshia, ile yenye ndoano nchani. Kwa uzi wa sweta wa unene wa kati chukua ya milimita 4. Ukijijua kwamba unakaza sana, chukua ya 4.5 au 5. Kipimo huandikwa pale pa kushikia. Uzi mwembamba wa pamba unatumia sindano za chuma ambazo nyingi hazifiki milimita 2, na ndiyo sababu simshauri mtu aanzie huko.

Pini mbili tatu za kufungia mtandio, ziwe za kufunga kabisa. Mkasi. Sindano ya mkono yenye tundu kubwa na ncha butu. Futi ya fundi cherehani.

Vitu hivi vyote unavipata Ngamiani, hapahapa Tanga, kwenye maduka ya nyuzi na vifaa vya mafundi cherehani. Ukishika donge la uzi soma karatasi yake. Mbali na namba ya rangi, mara nyingi kuna namba nyingine ya loti, yaani mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Madonge mawili ya rangi moja lakini loti tofauti yanaweza kupishana kidogo tu, usione kitu ndani ya duka, kisha ukitandika kitambaa sebuleni ukaona mstari pale ulipobadilisha donge. Kwa kazi kubwa nunua madonge yote siku moja, loti moja. Na nunua zaidi ya unavyodhani, maana bisi inakula uzi: kila moja ina nguzo tano mahali ambapo mshono wa kawaida ungekuwa na moja.

Kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi: sindano ya chuma na pini za chuma zinashika kutu upesi, na doa la kutu kwenye uzi mweupe ni kazi kubwa kulitoa. Ukimaliza kufuma futa sindano kwa kitambaa kikavu, uihifadhi kwenye mkebe unaofunga. Usiiache imechomekwa kwenye kazi kwa wiki nzima.

MISHONO MITATU UNAYOPASWA KUIJUA

Kama hujawahi kushika kroshia kabisa, tumia siku moja au mbili kwa hii mitatu tu kabla ya kugusa bisi.

Mnyororo: una kitanzi sindanoni, unatia uzi kwenye ndoano, unauvuta ndani ya kitanzi. Huo ni mmoja.

Nguzo fupi: ingiza sindano tunduni, tia uzi, vuta, sasa una vitanzi viwili. Tia uzi tena, vuta ndani ya vyote viwili.

Nguzo ndefu: tia uzi kwanza, ndipo uingize sindano tunduni. Tia uzi, vuta, una vitanzi vitatu. Tia uzi, vuta ndani ya viwili. Tia uzi, vuta ndani ya viwili vilivyobaki. Kinabaki kitanzi kimoja.

Ukitazama kichwa cha nguzo kutoka juu utaona nyuzi mbili zimelala pamoja. Nikisema ingiza sindano kwenye kichwa cha nguzo, nina maana chini ya nyuzi zote mbili. Ukishika moja tu, kazi inalegea na matundu yanaonekana.

Tahadhari kwa wanaojifunzia kwenye simu. Maelekezo ya Marekani na ya Uingereza yanatumia vifupisho vilevile kwa mishono tofauti. Nguzo fupi yetu Marekani wanaiandika sc, Uingereza wanaiandika dc. Nguzo ndefu yetu Marekani ni dc, Uingereza ni tr. Mtu akifuata maelekezo ya Marekani akidhani ni ya Uingereza atafuma bisi kwa nguzo fupi, itatoka ngumu, ndogo, isiyotokeza. Kabla ya kuanza mchoro wowote, tafuta kama una sc ndani yake. Ukiiona sc, ni wa Marekani, maana Uingereza hawaitumii.

BISI YENYEWE

Soma hatua zote nane mara moja, kisha rudi uzifanye polepole. Nimeziandika kwa anayefumia mkono wa kulia.

1. Umo katikati ya mstari wa nguzo ndefu na umefika kwenye tundu ambalo bisi itakaa.

2. Fuma nguzo ndefu tano, zote ndani ya tundu hilo moja. Kila nguzo ikamilishe hadi mwisho, ubaki na kitanzi kimoja sindanoni, ndipo uanze nyingine. Zitabanana chini na kutanuka juu. Ndivyo zinavyotakiwa.

3. Kivute kitanzi kilichopo sindanoni kiwe kirefu, kama sentimita moja na nusu, kisha toa sindano kabisa. Hapa ndipo mgeni anapoogopa. Kitanzi hakifumuki chenyewe. Hufumuka uzi wa upande wa donge ukivutwa, kwa hiyo uachie ulegee, ukishike kitanzi kwa kidole gumba.

4. Rudi kwenye nguzo ya kwanza kati ya zile tano. Iko kulia kabisa. Usikisie: anza kuhesabu kwenye nguzo yenye kitanzi, tano, nne, tatu, mbili, moja. Siku za mwanzo tia pini ya mtandio kwenye kichwa cha nguzo ya kwanza mara tu ukiimaliza, ili ukirudi uikute.

5. Ingiza sindano kwenye kichwa cha nguzo hiyo ya kwanza, kutoka mbele kwenda nyuma.

6. Kinase kile kitanzi ulichokiacha. Vuta uzi wa upande wa donge mpaka kitanzi kiikumbate sindano vizuri, kisha kipitishe ndani ya kichwa cha nguzo ya kwanza. Nguzo ya kwanza na ya tano zitakutana na zile za katikati zitatokeza mbele.

7. Fuma mnyororo mmoja na uukaze. Huu nauita kufuli. Bila kufuli bisi inalegea kadiri kitambaa kinavyofuliwa.

8. Ingiza kidole nyuma ya bisi uisukume itoke mbele, ndipo uendelee na nguzo ndefu ya kawaida kwenye tundu linalofuata.

Fuma bisi kadhaa peke yake kwenye mstari wowote, fumua, rudia, hadi hatua ya 3 isikushtue tena. Jioni moja inatosha.

Makosa matatu yanajirudia kwa karibu kila mwanafunzi. La kwanza ni kuziacha nguzo nusu, vitanzi vikirundikana sindanoni, kisha kuvivuta vyote kwa pamoja. Huo ni mshono mwingine. Ni mzuri, na wengi huuona ukifumwa kwenye video na kudhani ni bisi, ila kinundu chake kimelala zaidi na hakisimami peke yake. La pili ni kurudi kwenye nguzo ya pili badala ya ya kwanza. Nguzo ya kwanza inabaki imesimama kando, bisi inakuwa ya nguzo nne na pembeni yake kunabaki pengo. La tatu ni kukaza uzi wakati wa kufuma zile tano kwa kudhani kinundu kitakuwa kigumu na kizuri. Kaza kwenye kufuli tu. Nguzo zenyewe zifume zikiwa zimepumua, kwa sababu nguzo iliyobanwa haikunjiki.

KIPANDE CHA KUJIFUNZIA

Usianze na kitambaa cha kochi. Nasisitiza, kwa sababu nimeona vitambaa vingi vizuri vikiachwa njiani kwa mtu kuanza na kikubwa. Fuma kipande hiki cha mishono 21. Bisi zote zinafumwa kwenye mistari ya shufwa, ambayo ndiyo upande wa uso, kwa hiyo hutapata taabu ya bisi kutokea nyuma. Zinapishana, mstari mmoja wa bisi nne na unaofuata wa bisi tano, na upande mmoja wa kipande unalingana na wa pili.

1. Fuma minyororo 22. Isikazwe. Ukiona sindano haipiti kwa urahisi kwenye minyororo yako, fumua uanze upya, maana ukingo wa chini ukibana kipande chote kitajikunja.

2. Mstari wa 1. Ruka mnyororo ulio karibu na sindano, anza kwenye wa pili, fuma nguzo fupi moja katika kila mnyororo. Hesabu: nguzo fupi 21. Huu ni upande wa mgongo.

3. Mstari wa 2. Geuza kazi. Fuma minyororo 3, na hiyo inahesabiwa kuwa nguzo ndefu ya kwanza, kwa hiyo ruka tundu la kwanza. Fuma nguzo ndefu 3, moja katika kila tundu. Fuma bisi. Sasa rudia mara tatu: nguzo ndefu 3, bisi. Malizia na nguzo ndefu 4. Una bisi 4 na jumla ya mishono 21. Funga pini ya mtandio upande huu uliopo mbele yako. Huu ni uso, na pini isitoke hadi mwisho.

4. Mstari wa 3. Geuza. Fuma mnyororo 1, huu hauhesabiwi. Fuma nguzo fupi moja katika kila mshono. Ukifika kwenye bisi, ingiza sindano kwenye kufuli lake tu, nguzo fupi moja, basi. Usiguse vichwa vya zile nguzo tano. Nguzo fupi ya mwisho ingiza kwenye kichwa cha ile minyororo 3 ya kuanzia. Hesabu: 21.

5. Mstari wa 4. Geuza. Minyororo 3, nguzo ndefu 1, bisi. Rudia mara nne: nguzo ndefu 3, bisi. Malizia na nguzo ndefu 2. Una bisi 5, jumla 21.

6. Mstari wa 5. Fuma kama mstari wa 3. Hesabu: 21.

7. Rudia mistari ya 2 hadi 5 kwa mpangilio huohuo hadi umalize mstari wa 17, ambao ni wa nguzo fupi. Kipande kitakaribia mraba. Ukihesabu bisi zote zinatakiwa kuwa 36.

8. Kata uzi, bakiza sentimita 15 hivi, upitishe ndani ya kitanzi cha mwisho na uvute. Kwa sindano ya mkono ufiche mkia huo ndani ya nguzo fupi za upande wa mgongo, kwenda na kurudi. Usiufiche ndani ya bisi, utatoka siku ya kufua.

Ukitaka pindo, zungusha nguzo fupi pande zote. Juu na chini fuma moja katika kila mshono. Ubavuni fuma mbili kwenye ukingo wa kila mstari wa nguzo ndefu, na moja kwenye ukingo wa kila mstari wa nguzo fupi. Kila pembe itie nguzo fupi tatu mahali pamoja, la sivyo pembe zinajikunja.

Mstari wa nguzo fupi baada ya kila mstari wa bisi unawachosha wengine, wanatamani kuuruka. Usiuruke. Ndio unaozishika bisi zisimame, na ndio unaokupa nafasi ya kuhesabu kabla kosa halijapanda juu.

KUFUA NA KUNYOOSHA

Kipande kikitoka mkononi bisi nyingine zimelala na nyingine zimesimama. Kilowanishe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisuuze, usikikamue kwa kukisokota. Kiviringishe ndani ya taulo ulibonyeze taulo. Kisha kitandaze uso ukitazama juu, kwenye kanga iliyokunjwa mara kadhaa, kivute kifike vipimo vyake, na sukuma kila bisi kwa kidole kutoka nyuma. Kiache kivulini mpaka kikauke. Wakati wa masika kinaweza kuchelewa, nawe kiache kipate muda wake, kwa kuwa kitambaa kilichoanuliwa kikiwa kibichi kinachukua harufu.

Pasi isipite juu ya bisi. Kitambaa cha pamba kigeuze, bisi zizame ndani ya taulo nene, upige pasi upande wa mgongo. Uzi mwingi wa sweta unaouzwa madukani ni wa akriliki, na huo usipige pasi kabisa. Joto linaulainisha, bisi zinalala moja kwa moja na hazisimami tena.

Wanaopenda vitambaa vilivyokakamaa watie wanga mwepesi uliopikwa, kwenye kitambaa cha pamba tu. Wanga mzito unajaza matundu ya bisi na ukikauka unaacha magamba meupe. Wapo wanaotumia maji ya sukari. Kinakakamaa kweli, ila joto na unyevu wa huku pwani vinakifanya kinate, na sisimizi watakifuata mpaka juu ya kochi.

KUHAMIA KWENYE KITAMBAA KIKUBWA

Mchoro huu unakubali idadi yoyote ya mishono inayogawanyika kwa 4 na kubaki 1: 25, 29, 33, 61, 65 na kuendelea. Minyororo ya kuanzia iwe idadi hiyo ukiongeza mmoja.

Pima kipande chako kwa futi. Tuseme mishono 21 imekupa sentimita 15, nawe unataka kitambaa cha mgongo wa kochi chenye upana wa sentimita 45. Hiyo ni mara tatu, yaani mishono 63. Idadi zinazokubali zilizo karibu ni 61 na 65. Chagua moja, anza na minyororo 62 au 66.

Uzi nao upime badala ya kukisia. Mpelekee mwenye duka mwenye mzani wa kidijitali akupimie kipande chako. Kikiwa na gramu 25, na kitambaa unachokitaka kina eneo la vipande kumi vya namna hiyo, unahitaji gramu 250. Ongeza donge moja la akiba. Hesabu hii ni ya uzi uleule na sindano ileile. Ukihamia uzi wa pamba, fuma kipande kipya cha uzi huo upime upya.

Na kama utauza, basi ule uzito ndio mwanzo wa bei yako: gharama ya uzi kwanza, kisha saa ulizokaa. Inaniuma kuona kitambaa cha bisi kikiuzwa karibu na bei ya uzi wake wakati wa harusi, mnunuzi akikilinganisha na kitambaa cha mashine. Kipande hiki kidogo peke yake kina nguzo 180 ndani ya bisi zake, na kila moja imepita mkononi. Mwambie mteja hivyo, mpe akipapase.

Kwa anayetaka kufuma bisi kwenye mstari wa upande wa mgongo, kinachobadilika ni hatua ya 5 na ya 6 tu. Ingiza sindano kwenye nguzo ya kwanza kutoka nyuma kwenda mbele, unase kitanzi, ukivute kuelekea nyuma. Bisi itatokea upande wa pili, ambao ni uso. Vitambaa vya duara havina taabu hii, kwa sababu ukifuma kwa kuzunguka bila kugeuza unautazama uso wakati wote.

MATATIZO NA DAWA ZAKE

Kipande kinapanuka. Umefuma nguzo fupi zaidi ya moja juu ya bisi. Mara nyingi moja imeingia kwenye kufuli na nyingine kwenye kichwa cha nguzo iliyo jirani nalo. Rudi hadi mstari ambao hesabu ilikuwa 21.

Kipande kinapungua upande mmoja. Unasahau kile kichwa cha minyororo 3 mwishoni mwa mstari wa nguzo fupi. Tia pini kwenye mnyororo wa tatu mara tu ukiufuma, ukirudi utaikuta inakusubiri.

Bisi zimetokea nyuma. Umepoteza upande wa uso, ukafuma bisi kwenye mstari wa mgongo. Tazama ile pini. Kama ni bisi moja mbili tu na hazijafumiwa juu, zisukume kwa kidole zihamie mbele. Nyingine zinakubali, ila ukiona inarudi ilikotoka, ifumue.

Bisi zimelala. Ama nguzo umezikaza, ama kufuli limelegea, ama uzi wenyewe ni mlegevu mno. Jaribu sindano kubwa zaidi kwa nusu milimita na kufuli lililokazwa. Ikishindikana badilisha uzi. Uzi uliosokotwa vizuri unasimamisha bisi kuliko ule uliotawanyika.

Kuna tundu kando ya bisi. Umerudi kwenye nguzo ya pili badala ya ya kwanza, au umeruka tundu moja baada ya kufuli. Hesabu nguzo kati ya bisi na bisi. Ziwe 3 kila mara.

Ndoano inapasua uzi. Sindano ni ndogo kwa uzi huo, au uko kwenye hatua ya 6 na umekibana kitanzi kabla ya kukinasa. Kinase kwanza, ndipo ukikaze.

Uzi unachafuka na kunata mkononi. Miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, jasho la viganja ni tatizo la kweli kwa uzi mweupe. Nawa mikono na uikaushe kila baada ya muda, fuma asubuhi au baada ya magharibi, na donge likae ndani ya mfuko safi, uzi utokee kwenye tundu dogo.

Unafumia mkono wa kushoto. Hatua hazibadiliki, ila mstari unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia na nguzo ya kwanza ya bisi itakuwa kushoto kabisa. Mchoro wa kipande hiki unalingana pande zote mbili, kwa hiyo hesabu zake zitumie zilivyo.

Kosa liko mistari mitatu chini. Fumua. Najua inauma, lakini bisi iliyokosewa haifichiki, maana ndiyo inayotazamwa kwanza. Kabla ya kuvuta, tia pini kwenye mstari wa mwisho uliokuwa sahihi. Vuta uzi taratibu, na kila ukifika kwenye bisi simama: legeza kufuli, toa kitanzi kwenye nguzo ya kwanza, ndipo uendelee na zile tano. Ukivuta kwa nguvu hapo uzi unajifunga fundo. Uzi uliofumuliwa utakuwa na mikunjo, na ukiufuma hivyohivyo bisi hazitalingana. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe kitita, ufunge mahali pawili kwa kipande cha uzi, uloweke kwenye maji, uuning'inize kivulini. Ukikauka umenyooka, uviringe upya kuwa donge na uanzie pale penye pini.